Kuwaenzi Wahitimu Waliofanya Makubwa: Mwongozo Kamili wa Kuandaa Tuzo za Wahitimu wa Chuo

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Walisema pia kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika miaka niliyokaa kwenye kamati za tuzo za wahitimu, methali ya kwanza imezidi kuniingia moyoni, na ya pili nimeacha kuiamini. Kwenye tuzo, kizuri hakijiuzi. Mhitimu aliyetumia miaka ishirini kufundisha watoto viziwi hana muda wa kutuma wasifu wake chuoni. Anayetuma ni yule mwenye msaidizi wa kumwandikia. Kwa hiyo chuo kikikaa kusubiri majina yaletwe mezani, kila mwaka kitavika pete vidole vilevile vinavyoonekana kutoka mbali.

Mwongozo huu ni wa yeyote aliyekabidhiwa kazi hii: ofisa wa wahitimu, katibu wa chama cha wahitimu, mkuu wa idara, au watu watano waliosoma pamoja na sasa wanataka kuanzisha tuzo chuoni kwao. Nitakaa sana kwenye kutafuta majina, kuyapima na kuandika tamko la sifa, kwa sababu hapo ndipo tuzo inapopata heshima yake au kuipoteza. Ukumbi na mapambo nitavipita haraka.

## Kabla ya yote: mnamtuza nani, na kwa nini

Neno la Kilatini alumnus, ambalo vyuo vingi duniani hulitumia kumwita mhitimu, lina mzizi wa kulisha na kulea. Ni mtoto aliyelelewa. Hapo ndipo tuzo ya mhitimu inapoachana na shahada ya heshima. Shahada ya heshima chuo kinaweza kumtunuku mtu ambaye hajawahi kukaa hata siku moja darasani kwake. Tuzo ya mhitimu ni ya mtoto wa nyumbani, na nyumba inayomtuza mtoto wake inapaswa kumjua.

Kuna swali moja lenu wenyewe la kujibu kabla hamjaandika lolote: je, tuzo hii ni ya kutambua kazi, au ni ya kushukuru waliotuchangia? Yote mawili ni mema. Umoja wa wahitimu wa Williams College nchini Marekani, unaotambuliwa kuwa mkongwe kuliko yote iliyopo hadi leo, ulizaliwa mwaka 1821 chuo hicho kikiwa hatarini kufungwa, baada ya mkuu wake kuondoka na baadhi ya wanafunzi kwenda kuanzisha chuo kingine. Wahitimu wanaosimama na chuo chao wakati wa dhiki wanastahili kushukuriwa hadharani. Ila wapewe tuzo yao yenye jina lake, tuzo ya utumishi kwa chuo. Mkimpa mchangiaji tuzo ya umahiri wa kitaaluma kwa sababu ya mchango wake, watu watajua, hata kama hakuna atakayesema. Na mwaka unaofuata, mhitimu aliyeipata kwa jasho lake ataona haya kuitundika ukutani.

## Hatua ya 1: Andikeni kanuni kabla ya kuwa na majina

Kanuni zinazoandikwa wakati majina tayari yako mezani huandikwa kwa ajili ya majina hayo, hata bila mtu kukusudia. Ziandikwe mapema, zipitishwe na chombo chenye mamlaka chuoni, kisha ziwekwe mahali ambapo kila mtu anaweza kuzisoma.

Anzeni na makundi machache. Matatu yanatosha kwa chuo kinachoanza: tuzo ya mafanikio ya kazi ya maisha, tuzo ya mhitimu kijana, na tuzo ya utumishi kwa jamii au kwa chuo. Nimeona vyuo vikianza na makundi kumi na mawili, na kufikia mwaka wa tatu vinahangaika kutafuta wa kuwajaza. Kundi ni rahisi kuongeza kuliko kufuta, maana ukilifuta unawaudhi wote waliowahi kulishinda.

Kisha fafanueni mhitimu ni nani. Linaonekana jambo dogo, lakini hapa ndipo ugomvi mwingi huanzia. Je, mwenye astashahada anahesabika sawa na mwenye shahada ya uzamili? Aliyesoma kwa masafa? Aliyeacha mwaka wa mwisho akaenda kuanzisha kazi iliyobadilisha maisha ya watu? Waliosoma kwenye chuo kilichokuja kuunganishwa na chenu ni wenu? Maoni yangu ni kuwa kila aliyemaliza programu yoyote iliyotolewa na chuo ahesabike, na aliyeacha njiani awekewe kipengele chake, ajulikane hivyo bila kufichwa. Chochote mtakachoamua, kiandikwe.

Kwa tuzo ya mhitimu kijana, msitumie umri. Tumieni miaka tangu kuhitimu, tuseme kumi au kumi na miwili. Wapo waliorudi darasani wakiwa na wajukuu. Miaka yao ya kazi baada ya shahada ni michache kama ya kijana wa miaka ishirini na tano, na kuwafungia mlango kwa sababu ya tarehe ya kuzaliwa ni kuwaonea.

Amueni pia kuhusu marehemu. Kamati ya tuzo ya Nobeli ilikutana na mtihani huu mwaka 2011. Ralph Steinman alitangazwa mshindi wa tiba tarehe 3 Oktoba, kumbe alikuwa amefariki siku tatu kabla. Kanuni zilizowekwa mwaka 1974 zinakataza kumtunuku marehemu, isipokuwa kifo kikitokea baada ya kutangazwa. Kwa kuwa walioamua waliamua kwa nia njema wakiamini yu hai, ushindi wake uliachwa kama ulivyo. Walikuwa na maandishi ya kurejea, na ndiyo yaliyowavusha. Nyinyi nanyi andikeni: marehemu anaweza kupendekezwa au la, na mtunukiwa akifariki kabla ya hafla nani atapokea kwa niaba yake.

Kipengele ambacho wengi hukisahau ni haki ya kutotoa. Tuzo ya Mo Ibrahim, iliyoanzishwa mwaka 2006 kwa viongozi wa Afrika waliotoka madarakani, imepita miaka kadhaa bila mshindi, ikiwemo 2009, 2010, 2012 na 2013. Vyombo vya habari viliuliza, watu walilalamika, na tuzo ikabaki na uzito wake. Wekeni sentensi moja tu: "Kamati ina hiari ya kutotoa tuzo katika kundi lolote iwapo hakuna aliyefikia vigezo." Siku mtakayoihitaji mtashukuru ipo.

Malizieni na yafuatayo: nani haruhusiwi kupendekezwa (wajumbe wa kamati na wa baraza la chuo walio madarakani, na mtu aliye katikati ya kampeni za uchaguzi), kama mtu anaweza kushinda mara mbili, na utaratibu wa kuifuta tuzo iwapo itabainika ilipatikana kwa udanganyifu au mtunukiwa akitiwa hatiani kwa kosa zito. Kifungu cha kufuta tuzo kisomeke polepole na mwanasheria.

## Hatua ya 2: Undeni kamati isiyofanana uso

Wajumbe saba wanatosha. Tisa kama chuo ni kikubwa. Namba iwe witiri ili kura zisigongane. Changanyeni fani, vizazi na jinsia. Kamati yenye wahandisi watupu itaona daraja na haitaona shairi. Kamati ya waliohitimu mwongo mmoja itawakumbuka wenzao wa bweni.

Kila mjumbe akae miaka mitatu, na vipindi vyao visiishe pamoja, ili pabaki daima wenye kumbukumbu. Katibu awe mtumishi wa chuo asiye na kura. Yeye ndiye anayetunza majalada, kwa hiyo akiwa na kura mkononi, hata uadilifu wake ukiwa wa kiwango gani, maneno hayataisha.

Kila mjumbe asaini tamko la mgongano wa maslahi. Ndugu, mwajiri, mwajiriwa, mshirika wa biashara, mwanafunzi uliyemsimamia tasnifu: yote yatajwe mwanzoni mwa kikao, na mhusika atoke nje ya chumba jina hilo linapojadiliwa. Kutoka nje kabisa, maana kukaa kimya huku ukiangaliwa na wenzako nako ni kusema.

Yanayosemwa kikaoni yabaki kikaoni. Nobeli hufunga majalada ya waliopendekezwa kwa miaka 50. Nyinyi hamhitaji miaka hamsini, lakini mjumbe akijua maneno yake yatamfikia mpendekezwa kabla hajafika nyumbani, hatasema ukweli.

## Hatua ya 3: Nendeni mkatafute majina

Hii ndiyo hatua ninayoipigania kuliko zote.

Utaratibu wa kawaida ni kutoa tangazo, kuweka fomu, na kusubiri wiki sita. Ukifanya hivyo tu, utapata mapendekezo ya aina tatu: ya watu mashuhuri ambao kila mtu anawajua, ya watu waliojipanga wapendekezwe, na ya marafiki wa ofisi yenu. Wale wengine, ambao tuzo ingewatoa gizani, hawatakuwemo.

Basi tangazo litoke, na siku hiyohiyo katibu aanze kupiga simu. Aanze na walimu wastaafu. Mhadhiri aliyefundisha miaka thelathini anakumbuka nani alikuwa akibaki maabara baada ya wenzake kuondoka, na mara nyingi bado wanaandikiana. Kisha aende kwa wahudumu wa maktaba, wasimamizi wa mabweni na makarani wa idara, ambao hupokea wahitimu wanaorudi kimyakimya kuchukua nakala za vyeti na kusimulia wanakofanya kazi. Kisha kwa viongozi wa kila darasa la mwaka wa kuhitimu. Kisha kwa waajiri na vyama vya taaluma, na swali liwe la kiutu: "Nani hapo kwenu, akipata ruhusa wiki mbili, kazi inasimama?"

Mwaka mmoja nilipiga simu kwa karani mmoja wa idara nikitafuta namba ya mtu mwingine kabisa. Tukiwa tunaagana akasema, "Lakini mbona hamjawahi kumuuliza yule wa vitabu vya nukta nundu?" Sikujua anamzungumzia nani. Kumbe kulikuwa na mhitimu wetu aliyekuwa akigeuza vitabu vya hisabati kuwa maandishi ya wasioona, kila jioni baada ya kazi, kwa miaka kumi na moja. Chuo hakikuwa hata na anwani yake. Tangu siku hiyo kila simu ninayopiga huimalizia kwa kuuliza: "Na nani tusiyemuuliza?"

Katikati ya dirisha la mapendekezo, katibu ahesabu. Majina mangapi ni ya wanawake? Yametoka fani ngapi? Miongo mingapi ya kuhitimu? Wangapi wanaishi nje ya miji mikubwa? Mkiona robo tatu ni wa fani moja, bado mna wiki tatu za kupiga simu upande mwingine. Mkihesabu baada ya dirisha kufungwa, mtabaki na masikitiko tu.

Fomu iwe fupi. Fomu ndefu humchosha mpendekezaji mwenye kazi nyingi na kumfurahisha mwenye msaidizi. Ninazopenda zina maswali manne: Alifanya nini hasa? Hali ilikuwaje kabla yake, na ikoje sasa? Nani mwingine anaweza kuthibitisha? Kwa nini sasa? Kila jibu lisizidi maneno mia mbili. Pokeeni fomu kwa karatasi, kwa barua pepe, na hata kwa ujumbe wa sauti ambao katibu atauandika na kumsomea mpendekezaji.

Barua za kuunga mkono zisizidi tatu, na angalau moja itoke kwa mtu aliyenufaika na kazi yenyewe au kuiona kwa macho. Barua ya mheshimiwa aliyekutana na mpendekezwa mara mbili kwenye makongamano haina uzito wa barua ya mtu aliyefanya naye zamu.

Kuhusu kujipendekeza mwenyewe, vyuo hutofautiana, na Nobeli hairuhusu. Mimi ningeruhusu mtu alete jina lake, kwa sharti kwamba fomu ikamilishwe na mwingine. Kuna watu wanaofanya kazi peke yao, mbali, ambao hawana wa kuwasemea.

Pendekezo ambalo halikushinda lisitupwe. Liwekwe hai kwa miaka mitatu, na kila mwaka mpendekezaji aulizwe kama kuna jipya la kuongeza.

## Hatua ya 4: Hakikini kabla kamati haijapenda

Uhakiki ufanyike kabla kikao hakijakaa. Kamati ikishampenda mtu, kila dosari itakayojitokeza baadaye itatafutiwa maelezo.

Rejista ya chuo ndiyo ya kwanza: je, alihitimu kweli, mwaka gani, programu ipi, kwa jina gani wakati ule? Wengi hubadili majina kwa ndoa au kwa dini, na asiyeonekana kwenye rejista si lazima awe mdanganyifu. Halafu vyeo: anayejiita Daktari au Profesa, cheo hicho kilitolewa na nani? Halafu madai makubwa ya kwenye fomu. Ikiwa imeandikwa "alianzisha", piga simu uulize alianzisha peke yake au alikuwa mmoja wa sita. Mwisho, tafuteni kwenye kumbukumbu za umma kama kuna kesi au adhabu ya kitaaluma.

Tahadhari moja: tafuteni yanayohusu kazi na uadilifu wake, mwishie hapo. Afya yake, ndoa yake na imani yake haviwahusu. Sheria za kulinda taarifa binafsi zipo katika nchi nyingi, nanyi mnatunza majalada ya watu ambao wengine hawajui kama wamependekezwa.

## Hatua ya 5: Pimeni kazi, msipime mwangaza

Kila mjumbe asome majalada na kutoa alama akiwa peke yake, azipeleke kwa katibu kabla ya kikao. Mkianza kwa mjadala, mwenye sauti nzito ataweka msingi na wengine watajenga juu yake.

Mgawanyo ninaoutumia ni huu: matokeo ya kazi alama 40, mchango wake mwenyewe ukitenganishwa na wa taasisi yake alama 30, umbali aliousafiri alama 20, na mwendelezo alama 10. Uadilifu siupi alama hata moja. Ni mlango: anapita au hapiti, na alama za juu za kazi haziwezi kumnunulia njia.

Umbali aliousafiri unahitaji maelezo. Watu wawili wanaweza kufika kilele kimoja, mmoja akiwa ameanzia katikati ya mlima na mwingine bondeni, bila viatu. Msiwapime kwa kilele pekee. Ulizeni alianza na nini, nani alimfungulia mlango, na ni milango mingapi aliivunja mwenyewe.

Nakumbuka kikao kimoja tulichobaki na majalada mawili. La kwanza lilikuwa la mkurugenzi wa kampuni kubwa, viambatisho kumi na vinne, picha za rangi, kurasa zimepigwa chapa vizuri. La pili lilikuwa la fundi sanifu wa maabara ya hospitali, na ndani yake mlikuwa na fomu na barua moja ya kurasa mbili iliyoandikwa kwa mkono. Wajumbe watano kati ya saba walikuwa wamemwelekea mkurugenzi. Ndipo mama mmoja, aliyekuwa hajasema neno tangu asubuhi, akauliza: "Huyu asingekuwepo, ni kitu gani kisingekuwepo?" Tulijaribu kulijibu kwa mkurugenzi. Kampuni ingekuwa na mkurugenzi mwingine, pengine mzuri vilevile. Tukalijibu kwa fundi. Barua ilisema alibuni utaratibu wa kuhifadhi na kusafirisha sampuli za damu zisiharibike njiani, na wagonjwa waliokuwa wakirudishwa kupimwa upya mara tatu wakaanza kupata majibu mara ya kwanza. Bila yeye, hilo lisingekuwepo. Chumba kilinyamaza, kisha tukapiga kura upya.

Swali hilo liandikeni juu ya ubao kabla kikao hakijaanza. Haina maana kwamba wakurugenzi wasishinde. Wapo ambao bila wao kiwanda kizima kingefungwa na mamia wangerudi nyumbani. Washinde kwa hilo, cheo kikae pembeni.

Katibu alete alama zote, pamoja na tofauti kati ya ya juu na ya chini. Jina lililopewa 90 na mjumbe mmoja na 40 na mwingine ndilo la kujadiliwa kwanza, maana mmoja wao ameona kitu ambacho mwenzake hakukiona. Baada ya mjadala, kura ya siri. Muhtasari uandike sababu za uamuzi kwa kila mshindi, sentensi tatu au nne. Sentensi hizo zitakuwa mbegu ya tamko la sifa.

## Hatua ya 6: Pigeni simu kabla ya kutangaza

Mtunukiwa asisikie habari zake kwa watu. Mwaka 2016 mwanamuziki wa Marekani Bob Dylan alitangazwa mshindi wa Nobeli ya fasihi tarehe 13 Oktoba, na kamati ikakaa karibu wiki mbili bila kupata neno kutoka kwake. Tuzo ya ukubwa ule inaweza kuhimili ukimya wa namna hiyo. Ya chuo chenu haiwezi.

Simu ipigwe na mkuu wa chuo au mwenyekiti wa kamati, kwa sauti yake mwenyewe. Mweleze tuzo ni ipi, nani alimpendekeza (kama mpendekezaji ameridhia), na kwa nini kamati imemchagua. Kisha muulize kama anaikubali. Wengine hukataa, na sababu zao ziheshimiwe bila kubembeleza sana. Akikubali, yapo manne ya kuandika hapohapo: jina lake herufi kwa herufi, namna linavyotamkwa, nani angependa awepo, na kama ana hitaji lolote la kumwezesha kufika na kupanda jukwaani.

Siku hiyohiyo waandikieni waliopendekeza majina ambayo hayakushinda. Barua fupi, yenye shukrani na taarifa kwamba jina litabaki kwenye orodha. Ukimya unawavunja moyo watu walewale mnaowategemea mwakani.

## Hatua ya 7: Andikeni tamko la sifa linalomhusu yeye pekee

Ngao itakaa kabatini. Maneno yatakayosomwa jukwaani ndiyo wanawe watayakumbuka. Na hapa ndipo vyuo vingi, baada ya kazi nzuri yote hiyo, huharibu.

Tazameni mfano wa kubuni:

"Mhitimu wetu huyu ni kiongozi shupavu, mchapakazi na mfano wa kuigwa, ambaye ametoa mchango mkubwa katika sekta ya afya na kuiletea jamii maendeleo."

Ondoa neno "afya", weka "elimu", na sentensi inamfaa mtu mwingine yeyote ukumbini. Sasa hii:

"Alipomaliza uuguzi alipangiwa wodi ya watoto njiti iliyokuwa na mashine moja tu ya joto. Aliwafundisha kina mama kuwabeba watoto wao kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, na yeye mwenyewe akakesha nao hadi walipozoea. Kila alichokiona alikiandika kwenye daftari. Leo wauguzi wapya wa hospitali tano hufundishwa kwa daftari hilo."

Hakuna "shupavu" wala "mchapakazi", na bado hakuna msikilizaji atakayeshindwa kuviona. Kanuni ninayoifuata ni kufuta kila sifa na kuweka tendo lililoizaa. Kisha jaribu la mwisho: badilisha jina. Kama tamko bado lina maana kwa mtu mwingine, halijaisha kuandikwa.

Urefu uwe maneno 120 hadi 150, yaani takriban dakika moja na nusu ya kusoma kwa utulivu. Lisomwe kwa sauti na atakayelisoma siku ya hafla, mara tatu angalau. Kabla ya hapo, mtumieni mtunukiwa mwenyewe athibitishe ukweli wake. Mara nyingi atasema, "Ondoeni hiyo, ile kazi niliifanya na mwenzangu." Msiiondoe. Mtajeni mwenzake pia.

## Hatua ya 8: Ngao na hafla

Kwa ufupi. Maandishi ya ngao yathibitishwe na watu wawili, na mmoja wao awe mtunukiwa. Niliwahi kusimama pembeni ya jukwaa nikimwona mzee akisoma jina lake kwenye ngao na kugundua herufi moja imekosewa. Alitabasamu, akapiga picha, akashuka. Tulimtengenezea nyingine, lakini ile picha ndiyo iliyobaki kwenye ukuta wa familia yake. Namna ya kuzuia hilo ni dakika mbili za kutuma picha ya mchoro kabla haujachongwa.

Watunukiwa wakae mbele na watu wao. Hotuba za viongozi ziwe fupi na zitangulie, ili watunukiwa wasipandishwe ukumbi ukiwa umechoka. Jukwaa liwe na njia ya kiti cha magurudumu, na mkalimani wa lugha ya alama akae anapoonekana. Kila mtunukiwa apewe dakika tatu za kusema, aambiwe mapema kuwa ni tatu. Na kama yupo mwalimu aliyemfundisha na bado ana nguvu za kusafiri, mwalikeni amkabidhi ngao yeye. Nimeshuhudia waziri akikabidhi ngao na watu wakapiga makofi. Nimeshuhudia pia mwalimu wa hesabu mwenye fimbo akikabidhi, na ukumbi mzima ukasimama.

## Hatua ya 9: Baada ya makofi

Ndani ya wiki moja, pelekeni picha, nakala ya tamko na barua ya shukrani. Taarifa kwa vyombo vya habari itoke siku ya hafla yenyewe, ikibeba maneno yaleyale ya tamko. Jalada zima liingie kwenye kumbukumbu za chuo, likiwa na simulizi ya mtunukiwa iliyorekodiwa kwa sauti kama ameridhia.

Kesho yake msimwombe mchango. Subirini. Mwombeni kwanza kitu anachokipenda: saa moja darasani na wanafunzi wanaosoma alichosoma yeye. Yule wa nukta nundu tulimwalika mwezi uliofuata. Alileta kitabu kimoja, akawaambia wanafunzi wafumbe macho na kutafuta kwa vidole alama ya kujumlisha. Wawili waliipata. Alipoondoka, saba walikuwa wameandika majina yao kumsaidia jioni.

Kisha kamati ikutane mara moja zaidi, hafla ikiwa bado mbichi kichwani, ipitie ile hesabu ya jinsia, fani na miongo, safari hii kwa washindi. Katibu atoe majalada ambayo hayakushinda, aweke tarehe juu ya kila moja, na aanze kupiga simu za mwakani.